Maziwa ya Ngamia wa Thelathini na Moja

Shimo la tisa lilitoa mwamba mweupe usio na kitu, sawa na yale manane yaliyotangulia. Mtambo ulivitapika vijiti vya mwamba, kila kimoja urefu wa mkono, nami nikavipanga kwenye sinia za bati kwa jinsi vilivyotoka ardhini, nikavimwagia maji ili rangi ionekane. Niliinama na kioo cha kukuzia mpaka shingo ikauma. Hapakuwa na zinki, hapakuwa na risasi. Fedha ndiyo usiseme.

"Haya, niambie," alisema Dakta Nyamweya nyuma yangu.

"Mawe, Dakta."

"Mawe! Hata kwetu Kisii kuna mawe, na hayanilazimishi kulala kwenye hema miezi minne."

Alikuwa mkuu wa utafiti wa kampuni ya Tabaka, mtu mnene mwenye kofia ya sufi asiyoivua hata kwenye jua la Chalbi. Alinishika mkono akanipeleka hemani, pale alipokuwa amebandika vipande vya karatasi ukutani kwa pini. Vingi vilikuwa na rangi hafifu: samawati ya zinki, njano ya risasi, kijani kidogo cha shaba. Safu moja tu ilikuwa nyeusi ti, nyeusi ya fedha. Juu yake aliandika kwa kalamu nene: 31.

"Huyu ngamia hadanganyi," alisema. "Watu ndio hudanganya. Yeye ana sababu gani? Nenda Hurufa ukaikague kola yake. Leseni yetu inakwisha mwisho wa mwezi, na mimi sirudi Nairobi kuonyesha sinia za mawe."

Naitwa Talaso Isako. Katika Tabaka nzima mimi ndiye mwanajiolojia pekee niliyezaliwa upande huu wa jangwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kwa wazee kuomba ngamia wao.

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wa mjini walifikiri sisi ni wachawi. Paneli za jua za dunia nzima zilikuwa zinalilia madini ya fedha, na malori ya kutikisa ardhi yalikuwa yamekwisha kuzamisha vijiji viwili huko kaskazini. Serikali ikapitisha sheria: hakuna kutoboa ardhi yetu mpaka viumbe vilivyo hai juu yake vitoe ushahidi, na wenye viumbe hivyo waridhie kwa kidole gumba. Basi maabara zikatengeneza walamba. Ni vijidudu ambavyo ngamia hunyweshwa mara moja tu, vikabaki tumboni mwake maisha yake yote. Mgunga huteremsha mizizi mita arubaini kutafuta maji, na huko chini huramba chochote kilichomo kwenye mwamba. Ngamia hula majani ya mgunga. Walamba hukamata ile chembe ya madini na kuipitisha kwenye maziwa. Maziwa hubaki meupe na matamu, lakini ukidondosha tone moja kwenye karatasi yetu, rangi inatokea. Kola iliyo shingoni inasema ngamia alikula wapi. Ukiweka karatasi na kola pamoja, una ramani.

Niliwakusanya wanawake wa Hurufa nikawaambia: mkiona nyeusi, pigeni vigelegele. Nyeusi ni zahanati. Nyeusi ni shule. Niliwapa simu za kampuni na kuwafundisha kupiga picha karatasi na kuzituma wenyewe, wasingoje mimi. Jambo hilo nilijivunia sana, nikaliandika hata kwenye ripoti.

*

Ishara ya kola ya thelathini na moja ilikuwa imetulia mashariki ya kisima cha Hurufa, kwa hiyo sikuhangaika kutafuta. Nilizima pikipiki mbali kidogo, kwani ngamia huchukia hata ule mvumo mdogo wa umeme, nikatembea mpaka kwenye kundi. Kola niliiona mara moja. Ilikuwa kwenye shingo ya dume la mizigo, zee, lililohasiwa, lenye meno ya manjano na dharau usoni.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Miezi miwili mizima tulikuwa tukifuata nyayo za dume na kuzisomea maziwa.

Mwenye kundi, Mzee Galgalo Wario, alikuja akifuta mikono kwenye shuka. Ndiye aliyetia kidole gumba wa kwanza siku ile nilipoomba, na wengine wakafuata kwa sababu yake.

"Mzee, kola hii si ilikuwa ya yule jike mwekundu mwenye sikio lililochanika?"

"Ilikuwa yake."

"Naye yuko wapi?"

"Mzima. Ananyonyesha."

"Wapi, Mzee?"

Akageuka akaanza kukagua mguu wa ngamia mwingine, mguu usio na tatizo lolote. "Binti Isako, kuna maswali ambayo mtu wa heshima haulizi. Umekaa shule miaka mingi, lakini hilo najua hukulisahau."

Sikulisahau. Kwetu, mtu akiishiwa mifugo, mwenye nacho humpa jike anayekamwa. Maziwa ni ya aliyepewa, ndama ni wa mwenye mali, na jambo hilo halitangazwi. Ngamia huyo huondoka bila kengele, bila kamba, bila kitu chochote shingoni, ili aliyepewa asiamke kila siku na alama ya mwenzake mlangoni. Galgalo alipomtoa jike wake alimvua kola kama ambavyo angemvua kengele. Kisha akaona ni hasara kuitupa, akamvisha dume. Hakuna mtu wa Tabaka aliyemuuliza, na katika kitabu chetu cha maelekezo chenye kurasa mia mbili hapakuwa na neno lolote juu ya adabu.

Lakini chupa ya maziwa yenye namba 31 ilikuwa ikifika kila siku ya tatu pamoja na chupa nyingine za Hurufa. Mtu fulani alikuwa akimkama yule jike huko aliko na kuituma.

Nilimtazama Galgalo. Alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa usoni mwangu, na hapo ndipo nilipojua jike yuko kwa nani. Mtu hamwonei haya kiasi kile mtoto wa mtu baki. Kiangazi kilichopita ngamia wa mama yangu walikufa, wakabaki wawili, mimi nikiwa Nairobi kwenye semina ya ukame, nikila sambusa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba hajambo.

*

Eladima ni mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Hurufa, ng'ambo ya uwanda wa mawe meusi. Nilifika kwa pikipiki jua likiwa bado halijakaa sawa utosini. Mama, jina lake Darmi, alikuwa amemfunga yule jike mwekundu mguu mmoja na anamkama kwa mkono wa kulia, ugoro mdomoni.

"Umekonda," alisema bila kugeuka. "Shika huyo ndama."

Nikamshika ndama. Nilipomwambia nina kiu, alisema kikombe unakijua kilipo. Ni kweli nilikijua. Mgeni ndiye anayetandikiwa mkeka kivulini na kuletewa maziwa kwa mikono miwili kwenye bakuli la mti. Mtoto wa nyumbani hujichotea mwenyewe kwa kikombe cha bati, akamaliza kiu yake huku ametumwa kazi nyingine.

Kisima kile alikichimba baba yangu, Isako, na ndugu zake wawili. Nilipokuwa na miaka tisa ukuta wake ulimwangukia akiwa ndani anakisafisha. Rundo la mawe la kaburi lake liko pale pale, hatua thelathini kutoka ukingoni, na maji yake ni matamu kuliko maji yoyote niliyowahi kunywa. Familia kumi na moja zinaishi kwa kisima hicho.

"Chupa za Hurufa," nikaanza, "ni wewe unayezijaza?"

"Hii ya huyu tu. Wapitao huibeba."

"Lakini wewe si ulikataa walamba? Uliniaibisha mbele ya wazee. Ulisema hutaki wageni wanaokaa tumboni bila kuaga."

"Nilikataa kwa ngamia wangu. Huyu alikuja nao tayari. Na kidole gumba ni cha Galgalo. Ameniazima mnyama, mimi nimvunjie ahadi yake?"

Nilichomoa karatasi mfukoni, nikadondosha tone kutoka kwenye kibuyu chake. Sikuhitaji hata kusubiri dakika. Iliiva nyeusi ukingoni, kisha katikati, kisha yote. Yule jike hakuwa amekula jani la Hurufa kwa miezi miwili. Alikuwa akila migunga iliyozunguka kisima cha baba yangu.

"Inasema nini karatasi yako?" Mama aliuliza.

Niliikunja nikaitia mfukoni.

"Haisemi kitu, Mama."

"Basi Galgalo atavunjika moyo," alisema, akamfungua jike mguu. "Anaitamani sana hiyo zahanati. Mkewe yule mguu haujapona."

*

Ili mtu anielewe, au anilaani vizuri, lazima ajue maji yetu yanakaaje. Maji matamu ya nchi ile hutulia juu ya tabaka la udongo wa mfinyanzi, kama mchuzi kwenye sahani. Chini ya sahani kuna maji mengine, ya chumvi, yaliyobanwa tangu zamani na yanayotafuta pa kupandia. Kisima cha mkono huishia juu ya sahani. Mtambo wetu huipasua. Kanuni inasema shimo lizibwe kwa saruji, na mara nyingi saruji hukaa. Nilikuwa nimesoma ripoti za mahali ambapo haikukaa.

Mashimo tisa ya Hurufa yalikuwa mbali na kisima. La kumi halikuwa na pa kwenda.

"Kola ilikuwa kwa dume," nilimwambia Dakta Nyamweya jioni ile jua likiwa bado halijatua, sinia za mawe zikiwa katikati yetu.

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Kisha akaacha. "Na jike yuko wapi?"

"Amekufa juzi."

"Amekufa. Wamemla?"

"Wamemla."

"Nyie watu mtakula hata ushahidi." Alikaa juu ya sanduku, akavua kofia kwa mara ya kwanza, na kichwa chake kilikuwa na upara mdogo wa kusikitisha. "Kabla ya kufa alikuwa anakula wapi?"

"Haiwezekani kujua. Alikuwa anazurura. Tufunge, Dakta. Tuseme tumekosa."

"Siwezi kusema tumekosa na hizo karatasi ziko ukutani. Nairobi wamekwisha kuziona." Aliinua ramani. "Popote alipokula, kunywa alikunywa kwenye kisima. Migunga minene iko pale pale kisimani. Nitalazimika kuweka la kumi hatua sitini kutoka ukingoni."

"Udongo wa mfinyanzi ni mwembamba pale. Saruji ikipasuka, kisima kimekwisha."

"Najua."

"Kaya sitini, Dakta."

"Najua, Talaso! Unafikiri napenda?" Alinitazama, na katika miezi yote minne sikuwahi kumwona akinitazama vile, bila mzaha. "Basi nipe mahali pengine. Popote. Nitahamisha mtambo leo leo. Huko kwenu Eladima, kwa mfano. Sijapata tone moja la maziwa kutoka huko. Hakuna kitu?"

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, juu ya moyo, imekunjwa mara nne.

Niliyaona mawe ya kaburi la baba yangu. Nilimwona Mama amesimama na kibuyu chake mbele ya mtambo. Niliona pia kaya sitini, nisiseme sikuziona. Nilimwona na mke wa Galgalo na mguu wake. Nilifanya hata hesabu, sitini kwa kumi na moja, nikaitupa kwa sababu jibu lake nililijua na sikulitaka. Nikajiambia labda saruji itakaa. Mara nyingi hukaa.

"Nimekulia pale," nikasema. "Ni changarawe tupu."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kila shimo lililo karibu na maji lilihitaji sahihi ya mwakilishi wa wenyeji. Mwakilishi nilikuwa mimi. Nilitia sahihi pale pale, kwenye kioo cha kompyuta yake chenye vumbi, na alinishukuru.

*

Mtambo wetu tuliuita Jongoo. Ulijiendesha wenyewe kwa miguu yake ishirini ya chuma, ukajipanga, ukatoboa bila mtu kuugusa. Kufikia saa nne asubuhi ya kesho yake ulikuwa umefika mita thelathini na nane. Nilisikia sauti ikibadilika, kutoka ule msago wa kawaida kuwa mkoromo, kisha maji ya kijivu yakapanda yakifoka mdomoni mwa shimo. Jongoo ukafanya kila ulichofundishwa. Ulichomoa bomba, ukamimina saruji, ukangoja, ukamimina tena. Taa yake ya kijani ikawaka kusema kazi imekamilika. Vijiti vya mwamba vilikuwa vyeupe, havina kitu.

Siku ya tatu ngamia wa Hurufa walikataa kunywa. Walifika birikani, wakashusha shingo, wakapuliza juu ya maji na kurudi nyuma.

Mzee Galgalo alichota kwa kiganja akaonja. Akachota tena akaninyooshea mimi.

"Onja."

Nikaonja kutoka kiganjani mwake. Ilikuwa chumvi kali inayouma ulimi.

"Huko chini mlipata mlichokuwa mnatafuta?"

"Hapana, Mzee."

Alitikisa kichwa polepole. Nilimsubiri anitukane. Niliitamani ile laana, kweli nawaambia, ningeipokea kwa mikono miwili.

"Pole, binti yangu," akasema. "Umefanya kazi sana."

Nilikwenda nyuma ya mtambo nikaanza kufungasha sinia za mawe.

*

Walihama kesho yake. Kuna utaratibu wa kuhama kwa shida: mzee hutangulia peke yake, bila fimbo, na kusimama mbali na kisima cha wenzake mpaka aitwe. Galgalo alisimama uwandani chini ya jua akingoja. Mama yangu alimwita kabla hajasimama sawasawa.

"Umesimama huko kama mgeni, kwani hapa hupajui? Lete wanyama."

Akawapa zamu ya kwanza. Zamu ya kwanza ni ya mwenye kisima, wakati maji ni mengi na hayajavurugwa, na sijawahi kumwona akimwachia mtu. Sasa yeye na zile familia nyingine kumi walingoja mpaka adhuhuri, wakanywesha tope. Sikusikia mtu akinung'unika. Jike mwekundu alikuwa nyuma ya boma, na Galgalo alipita karibu naye mara kadhaa bila kumtazama, kama desturi inavyotaka.

Ngamia wa Hurufa walifika mia na ushee, na kila mmoja alikuwa na kola shingoni.

Nilimwendea siku ile ile. "Mzee, kazi imekwisha. Wavueni hizo kola, mnawachosha bure."

"Imekwisha vipi? Nilitia kidole gumba mpaka mwisho wa mwaka."

"Nawaruhusu mimi."

"Wewe unaruhusu, lakini kidole ni changu." Aliongea taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Kola huvuliwa ngamia anayekwenda kwa mtu mwingine. Hawa hawajaenda kwa mtu. Wako na mimi."

Ningeweza kumwambia sababu. Lakini kumwambia sababu kulikuwa ni kumwambia kisima chake kilikufa kwa ajili ya nini, na mke wake alikuwa amelala kivulini karibu yetu, ananitabasamia. Nikaenda zangu.

Kwa siku kumi na mbili ngamia mia na ushee walikula migunga ya Eladima. Siku ya kumi na tatu, jua likipanda, nilisikia vigelegele kutoka bomani. Wanawake wa Hurufa walinijia mbio, shuka zikipepea, na kila mmoja alikuwa ameshika karatasi juu.

"Talaso! Nyeusi! Zote nyeusi!"

"Msitume bado," nikasema. "Ngojeni nizikague."

"Tumekwisha kutuma! Si ulitufundisha?"

*

Dakta Nyamweya alikuja na droni tatu na gari la vigingi. Alishuka, akaitazama migunga, akalitazama rundo la mawe, akanitazama mimi. Kisha akamwona jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, na namba 31 iliyopakwa rangi ubavuni, iliyofifia lakini inasomeka.

"Changarawe tupu," alisema.

Akamnyooshea jike kidole.

"Mliyemla."

"Dakta..."

"Sitaandika kokote. Nikiandika, na mimi ninakwenda nawe." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Lakini utatafsiri. Utasimama mbele yao uwaambie kwa mdomo wako kila neno nitakalosema. Hicho ndicho ninachotaka. Sahihi ya mwakilishi safari hii ataitia mwingine."

Watu waliketi, Hurufa upande mmoja na Eladima upande mwingine, kisima katikati. Nikatafsiri. Kwamba chini ya kisima kuna fedha nyingi kuliko ilivyowahi kupimwa kaskazini, pamoja na zinki na risasi. Kwamba sheria inahitaji ridhaa ya wenye ngamia walioshuhudia, na ridhaa hiyo ipo, kidole gumba cha Mzee Galgalo na wenzake, mpaka mwisho wa mwaka. Hapo Galgalo alikitazama kidole chake. Kwamba familia za Eladima hazikutia kidole na kwa hiyo hazina pingamizi kisheria. Kwamba shimo la kwanza litakuwa hatua arubaini kutoka ukingoni.

Mama akasimama. Hakumtazama Nyamweya wala droni zake.

"Nina swali moja, na si la huyo bwana. Ni la mtoto wangu." Aliniita kwa jina langu lote, Talaso Isako, kama mtu anayesoma orodha. "Siku ile uliyokuja ukadondosha maziwa. Nilikuuliza karatasi inasema nini. Ilisema nini?"

Dakta Nyamweya aliniuliza mama anasema nini. Sikumtafsiria.

"Ilikuwa nyeusi, Mama."

"Kabla ya shimo la kisimani Hurufa, au baada?"

"Kabla."

Mke wa Galgalo alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa shuka. Wengine walikuwa bado wanaunganisha mambo, nikiwaona wakigeuziana nyuso, mpaka wote wakafika. Galgalo alikuwa amefika mapema kuliko wote. Aliinuka, akaenda nyuma ya boma, na kwa mara ya kwanza akamtazama yule jike wake, akampapasa shingo pale ambapo kola ingekaa. Kisha akarudi kisimani akachukua ndoo, kwa sababu wanyama walikuwa bado hawajanywa.

Aliiweka ndoo chini mbele ya Mama. "Zamu ni yako, Darmi," alisema. "Sisi tutahama."

"Zamu ya kwanza ni ya Hurufa," Mama akajibu. "Nywesha."

"Darmi..."

"Nywesha, Galgalo. Maji yakiwepo ni yenu kwanza."

Akanywesha. Watu walianza kutawanyika wakinipita kulia na kushoto, bila kunigusa. Nilibaki nimesimama pale juani na koo langu limekauka kwa kutafsiri. Nilitaka kukimbilia kile kikombe cha bati kilichoning'inia kwenye nguzo ya mlango wa Mama, nijichotee, anitume kazi, anitukane, aniambie nimekonda. Nikapiga hatua kuelekea mlangoni.

Mama alitoka kabla sijafika. Alikuwa amekumbatia mkeka. Aliutandika kivulini, akaunyoosha pembe zote nne kwa kiganja, akaingia ndani tena. Aliporudi alikuwa amebeba bakuli la mti lililojaa maziwa, akaninyooshea kwa mikono miwili, ameinamisha macho kama inavyopasa.

"Karibu, mgeni," alisema. "Jua ni kali. Kunywa ndipo uende."

Nikaketi nikanywa. Yalikuwa ya jike mwekundu, matamu, meupe pe.